Labo: usomee hapa Bukavu au uvuke mto Ruzizi kwenda Rwanda?

Binti wa kaka yangu amemaliza sekondari, seksheni ya biolojia na kemia. Diploma ya taifa ameipata, na sasa nyumbani kila mtu ana ushauri. Mama yake anataka awe muuguzi. Babu yake anataka daktari, basi. Yeye mwenyewe anataka labo, yaani kazi ya maabara ya hospitali, na lawama ni zangu, maana tangu utotoni ananiona nikirudi Kadutu na vidole vya zambarau, rangi ya Giemsa isiyotoka kwa sabuni. Jumapili alikuja na karatasi mbili: moja ya ISTM Bukavu, chuo cha juu cha ufundi wa tiba, nyingine ya chuo kikuu kimoja cha Rwanda kinachotoa shahada ya sayansi za maabara.

"Baba mdogo, niambie tu niende wapi."

Nilimwuliza kama amewahi kuinamia hadubini. Akasema mara moja, shuleni, wamepanga foleni darasa zima, kila mmoja sekunde tatu, na alichokiona ni kope zake mwenyewe. Nikamwambia aniachie karatasi zake wiki moja. Haya ndiyo niliyomwandikia, na kwa kuwa wazazi wengi mtaani wananiuliza lile lile kila mwaka matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa, yakitoka, nayaweka hapa.

Miaka na majina ya diploma

Kwanza tutoe mkanganyiko wa ngazi. Wakubwa wetu wa hospitali bado wanasema A2, A1, A0. A2 ni yule aliyesoma ITM, shule ya ufundi wa tiba ya ngazi ya sekondari. A1 alifanya miaka 3 ya graduat katika ISTM, na A0 aliongeza miaka 2 akapata lisansi. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya Kongo vimeingia katika mfumo wa LMD: lisansi ni miaka 3 yenye kredi 180, kisha masta miaka 2. Tatizo ni kwamba neno limebaki moja na maana zimekuwa mbili. Lisansi ya zamani ilikuwa miaka 5. Ya sasa ni 3. Ukisoma tangazo la kazi linalodai "lisansi ya biolojia ya tiba", uliza ni ipi wanayosema, kwa sababu nimeona vijana wa LMD wakipangwa kama A1 na mkurugenzi ambaye hakuwa na habari ya mageuzi.

Rwanda shahada ya maabara ni miaka 4. Kwa hiyo kwa karatasi ni 3 hapa, 4 kule, na kule uongeze miezi ya kujifunza Kiingereza kama hukukijua. Lakini masta ya hapa inakufikisha miaka 5. Mzazi anayehesabu ada peke yake ataona hapa ni nafuu. Anayehesabu mtoto ataanza lini kuleta sabuni nyumbani ataona tofauti si kubwa kama alivyodhani.

ITM siizungumzii sana. Kwa aliyekwisha kupata diploma ya taifa, kurudi A2 ni kushuka ngazi. Ila nisidharau: watu wawili walionifundisha kuchoma mshipa wa mtoto mchanga bila kumliza mama yake walikuwa A2.

Mashamba mia moja

Kile kiduara cha mwanga unachokiona ndani ya hadubini, Wafaransa wamekipa jina moja na shamba la mihogo. Walimu walisema shan. Sisi wanafunzi tukatafsiri wenyewe, tukasema shamba. "Umelima mashamba mangapi?" maana yake: umeangalia sehemu ngapi za slaidi kabla ya kuandika jibu. Kwa gute epesi, lile tone nene la damu la kutafutia malaria, OMS, Shirika la Afya Duniani, inataka mashamba yasiyopungua 100, lenzi ya 100 ikiwa ndani ya mafuta, kabla hujathubutu kuandika hasi. Ukiviona vimelea, unavihesabu sambamba na chembe nyeupe 200, unazidisha kwa 8,000, idadi ya chembe nyeupe inayokadiriwa katika mikrolita moja ya damu, unagawa kwa hizo chembe nyeupe ulizozihesabu. Vimelea 10 ni 400 kwa mikrolita. Vimelea 2,500 ni laki moja, na hapo daktari anatakiwa kukimbia.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa sitaji, mafunzo ya kazini, katika kituo kimoja cha afya. Aliyeongoza labo ile wagonjwa walimwita Mama Labo, na jina lake la kweli sikulisikia mpaka mwezi wa pili. Asubuhi moja aliletwa mtoto wa miaka mitatu, moto kama jiko. Nikatengeneza slaidi, nikaangalia, nikaandika hasi.

"Umelima mashamba mangapi, mwanangu?"

"Thelathini hivi, Mama."

Hakunigombeza. Alirudisha slaidi, akadondosha mafuta, akaanza kulima kimya huku akihesabu kwa kidole gumba juu ya meza. Kwenye shamba la sabini na moja aliniita. Kulikuwa na pete moja tu, nyembamba, na kitone chekundu ukingoni. Akasema, "Karatasi yako ingemrudisha nyumbani huyu."

Nalieleza hili kwa sababu ndilo kipimo changu cha kwanza kwa chuo chochote, cha hapa au cha ng'ambo: mwanafunzi analima mashamba mangapi peke yake kabla hajapewa diploma? Chuo nilichosoma mimi, sikitaji, mwaka wa kwanza tulikuwa arobaini kwa hadubini moja inayofanya kazi. Nyingine tatu zilikuwa kabatini zikingoja balbu. Tulijifunza kuchora vimelea kutoka ubaoni, na nilichora vizuri sana, nikapata 16 kwa 20. Pete ile ya mtoto haikufanana na mchoro wangu hata kidogo.

Je, ng'ambo ni bora? Mara nyingi, kwa vifaa vya kufundishia, ndiyo; na siwezi kumficha binti yetu. Lakini vyuo vya hapa vina kitu ambacho watu hawakitaji: sitaji ya Bukavu ina wagonjwa wa kweli wengi. Wanaopata nafasi Panzi au Hospitali Kuu ya Mkoa, au hata hospitali ya eneo la afya huko vijijini, wanaona kwa mwezi mmoja malaria, minyoo, kifua kikuu, watoto wa SS (selimundu), damu za kuongezewa wazazi waliotokwa na damu usiku. Mkono unakomaa. Anayesoma mahali ambapo malaria ni chache ataiona kwenye slaidi za mafunzo zilizokauka tangu miaka iliyopita.

Mashine dhidi ya mkono

Nina mwenzangu wa kazi aliyesoma Rwanda. Alipofika kwetu alikuwa na tabia moja iliyotuchekesha: kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, anapitisha kwenye mashine damu ya kontroli, ambayo majibu yake yanajulikana tayari, anaweka nukta kwenye grafu ya Levey-Jennings, ya kuona kama mashine imepotoka, anaiangalia kama mkulima anavyoangalia mawingu. Nukta ikivuka mikengeuko sanifu mitatu, au mbili mfululizo zikivuka miwili upande ule ule, anafunga mashine na hatoi jibu kwa mtu yeyote, hata daktari mkuu akisimama mlangoni. Ni kanuni za Westgard, za mwaka 1981. Sisi wa hapa tulizisoma: ukurasa mmoja wa silabasi, swali moja la mtihani. Yeye alikuwa amezifanya kila siku kwa miaka miwili ya mwisho.

Tulicheka mpaka wiki ambayo kreatinini, kipimo cha figo, za wodi nzima zilipanda kwa pamoja. Kumbe reaktifu, kemikali ya kupimia, ilikaa nje ya frigo usiku ambao umeme wa SNEL ulikatika na jenereta haikuwa na mafuta. Ilitakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8. Grafu yake ilionyesha tangu asubuhi. Hakuna aliyecheka tena.

Lakini sikiliza na upande wa pili. Baadaye reaktifu ya mashine ya kuhesabu damu ilitukatikia, wiki tatu nzima. Mwenzangu alikaa mbele ya chemba ya Neubauer, kioo chenye miraba ya kuhesabia chembe za damu kwa jicho, kama mtu aliyepewa chikudu, kigari cha mbao cha kusukuma, akiwa amezoea gari. Alijua nadharia yake. Mkono haukuwa na mazoea. Mimi na A2 mmoja tulihesabu chembe nyeupe za hospitali nzima kwa jicho na kibonyezo cha kuhesabia, na yeye akajifunza kwetu. Siku hizi kontroli ni yake, chemba ni yetu.

Basi kama unataka kufanya kazi kwenye hospitali za ndani, Mwenga, Shabunda, Kalehe, shule inayokufundisha mbinu za mkono itakuokoa. Kama unalenga labo kubwa, mashirika, utafiti, basi unahitaji mtu aliyekufundisha ubora: kontroli, kumbukumbu, taratibu zilizoandikwa, ISO 15189, kile kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba. Chuo kinachokupa vyote viwili ni adimu kila upande wa mto. Ukikipata, usiulize bei mara mbili.

Kuna tawi moja ambalo mizani yangu inaegemea ng'ambo bila kusita, nalo ni bakteriolojia. Rangi ya Gram ni ya 1884 na inafundishika popote penye chupa nne za rangi na maji. Kuotesha vijidudu ni habari nyingine: inkubeta ikae digrii 35 hivi usiku kucha, siku moja au mbili, kisha usiku mwingine wa antibiogramu kujua dawa gani inaua. Umeme ukikatika saa nane za usiku, kazi ya siku mbili imekwenda. Ndiyo maana hospitali ndogo nyingi huku zinaendelea na Widal, kipimo cha damu cha tifoidi cha mwaka 1896, na ndiyo maana Bukavu nzima ina "tifoidi" kila mwisho wa mwezi. Mgonjwa amelipa, amepewa karatasi yenye 1/160, amemeza siprofloksasini, na typhi mwenyewe, kijidudu cha tifoidi, hakuwepo. Kijana anayetaka kupambana na usugu wa dawa, na huko ndiko kazi ya miaka ijayo ilipo, asome mahali ambapo kuotesha kunafanyika kila siku.

Lugha

ISTM ni Kifaransa. Rwanda walihamia Kiingereza katika masomo tangu 2008, na Uganda ni Kiingereza tangu zamani. Wapo wanaoniambia, "Basi mtoto aende Tanzania, Kiswahili anakijua." Pole. Ukivuka mpaka wa chuo kikuu Tanzania, somo la hematolojia linafundishwa kwa Kiingereza. Kiswahili utakitumia kwenye daladala na kwa wagonjwa.

Kiingereza kina faida yake kazini: karatasi nyingi zinazofungiwa ndani ya boksi la reaktifu zina Kiingereza kirefu na Kifaransa kifupi. Lakini mwaka wa kwanza wa biokemia kwa lugha ambayo bado unaitafutia vitenzi ni mzigo, na nimeona wenye akili nzuri wakirudi baada ya muhula mmoja kwa aibu isiyokuwa yao. Ukiamua ng'ambo, tenga miezi sita ya lugha kabla, si sambamba na masomo.

Pesa

Hapa sitaandika tarakimu, maana ada hubadilika kila mwaka na kila chuo kina "nyongeza" zake. Nitaandika tu mahali pesa zinapovujia. ISTM: minervali, ada ya masomo, ni sehemu tu. Kuna silabasi, koti jeupe, glovu unazojinunulia wewe, ada ya sitaji, nauli ya moto (pikipiki) kutoka Bagira hadi hospitali kila siku, na mwisho kuna memuari, andiko la kuhitimu: kuchapisha, kuitetea, na soda za siku ya kuitetea ambazo hakuna aliyeziandika popote ila zinadaiwa. Lakini mtoto analala kwenu na anakula bugali yenu.

Ng'ambo: ada, kodi ya chumba, chakula, vibali vya ukaaji, bima, safari. Na hapa jiografia inaingia. Kwa mtu wa Goma, Musanze, ambako INES-Ruhengeri inafundisha maabara, iko kama kilomita 60 tu kutoka mpakani. Mwanafunzi anaweza kurudi nyumbani wikiendi akachukua unga. Kwa mtu wa Bukavu, ukishavuka daraja la Ruzizi uko Kamembe tu, na kutoka hapo hadi Musanze au Kigali ni siku ya barabara. Ushauri aliopewa binamu yako wa Goma haukufai wewe kama ulivyo.

Tangu waasi wa M23 walipoichukua Goma Januari 2025 na Bukavu Februari, mabenki yalifunga na ndege za Goma na Kavumu zilisimama. Familia zinalipa ada kwa njia za mzunguko, kwa simu, kwa mtu anayevuka. Kabla ya kujiandikisha popote, uliza swali la kijinga: pesa nitazifikishaje, na nitapata risiti ya nani? Limewakosesha watu mitihani.

Karatasi

Diploma ya ng'ambo ukirudi nayo Kongo inahitaji kutambuliwa kuwa sawa na ya hapa, na faili hilo linaelekea wizarani Kinshasa. Kutoka Bukavu ya leo, Kinshasa si mbali tu, ni mzunguko. Anayepanga kurudi kufanya kazi serikalini aanze kukusanya karatasi tangu mwaka wa kwanza: alama za kila muhula, maelezo ya masomo, mihuri. Usingoje sherehe ya kuhitimu.

Kwa upande wa pili, mtu mwenye diploma ya ISTM anayetaka kazi Kigali au Kampala atakutana na baraza la taaluma la nchi ile. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na vijana wakasema mipaka imeisha. Ya soko labda. Baraza linalosajili mafundi wa maabara bado litataka kuona masomo yako, na pengine kukufanyisha mtihani.

Kazi iko wapi

Sud-Kivu ina maeneo ya afya 34. Kila eneo linatakiwa kuwa na hospitali yake kuu, na kila hospitali kuu labo. Juu ya hapo kuna vituo vya afya, polikliniki za watu binafsi, na labo za mtaani zenye bango kubwa kuliko frigo. Kazi ipo. Mshahara ndio hadithi. Serikalini unaweza kufanya kazi miaka bila namba ya matrikule, ile ya mtumishi wa serikali, ukiishi kwa prima inayotoka katika mapato ya hospitali. Mwezi wagonjwa wakiwa wachache, prima nayo inakonda. Diploma ya ng'ambo haikuondolei hilo hata kidogo. Prima haijui Kiingereza.

Inapoleta tofauti ni kwenye milipuko na mashirika. Ebola ya Nord-Kivu na Ituri, Agosti 2018 hadi Juni 2020, ilipita wagonjwa 3,400 na kuua zaidi ya 2,200, na GeneXpert, mashine ile ile ya kifua kikuu, ndiyo iliyotoa majibu karibu na wagonjwa badala ya kungoja ndege ya Kinshasa. Goma ikapata labo ya INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ile ya Profesa Muyembe, yule aliyekwenda Yambuku Ebola ilipolipuka mwaka 1976. Halafu Kamituga, kwetu hapa Mwenga: Septemba 2023 mpox ikaonekana kwa watu wazima wa mgodini, sampuli zikasafiri hadi INRB, na ikatambuliwa aina mpya iliyoitwa Ib. Tarehe 14 Agosti 2024 OMS ikatangaza dharura ya dunia. Nyuma ya kila tarehe ya namna hiyo kuna vijana wa labo wamevaa mavazi ya kujikinga na jasho likijaa kwenye buti.

Kazi hizo zinalipa. Pia zinakwisha. Mkataba wa miezi sita, kisha mlipuko unatangazwa umeisha, unarudi kwenye prima. Na zina hatari yake: Januari 2025 Goma ilipokuwa vitani, Shirika la Msalaba Mwekundu lilionya hadharani kuhusu labo ya INRB na sampuli za Ebola ndani yake iwapo umeme ungekatika. Bila shaka kuna mtu aliyeshika ufunguo wa chumba kile. Anayechagua fani hii ajue kwamba siku moja ufunguo unaweza kuwa wake.

Lubumbashi?

Kaka yangu aliuliza, kwa sababu ana shemeji huko. Kuna ISTM, kuna UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, lugha ni Kifaransa, diploma ni ya nchi yetu na haina safari ya kutambuliwa. Na kuna jambo ambalo Bukavu haina: migodi ya shaba na kobalti. Watafiti wa UNILU pamoja na wenzao wa Leuven walipima kobalti kwenye mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga, wakachapisha mwaka 2009, na viwango vilikuwa vya kutisha. Toksikolojia ya metali, uchunguzi wa afya wa wafanyakazi wa migodi, zahanati za kampuni: hilo ni soko ambalo Kivu ni vigumu kulipata. Kama mtoto anapenda kemia kuliko vimelea, ningelifikiria kwa uzito. Gharama ni nauli ya kwenda, na miaka mitatu ya kula kwa shemeji.

Na uuguzi, na udaktari?

Kwa mama yake: muuguzi anapata kazi haraka zaidi, kweli, kwa sababu kituo chenye watu wawili kitaajiri wauguzi wawili. Na kipimo cha haraka cha malaria muuguzi anakifanya mwenyewe kwa tone la kidoleni. Ila kipimo kile kinatafuta protini inayobaki damuni wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mgonjwa aliyemeza dawa akirudi na homa, kipimo kitasema ndiyo na hakitasema kama dawa imeshindwa. Hapo wanarudi kwenye hadubini.

Kwa babu yake: daktari ni miaka mingi zaidi, na mtoto hajaomba. Wale waliokuja labo kwa sababu tu udaktari uliwashinda, ninawajua kwa jinsi wanavyoshika pipeti.

Ningechagua nini

Kama ni yeye, wa Bukavu, Kiingereza chake ni cha nyimbo, na pesa ya familia ni ya mwezi kwa mwezi: lisansi ya ISTM hapa, kisha masta ng'ambo kwenye bakteriolojia au baiolojia ya molekuli, akishakuwa na mkono na akili ya kujua anachokwenda kutafuta. Kama angekuwa Goma, mwenye mjomba Gisenyi na Kiingereza cha kutosha, ningemwambia avuke tangu mwaka wa kwanza. Wanaonijibu kwamba jina la chuo ndilo linaloajiri, nawaambia waje siku ya mtihani wa kazi: tunawapa slaidi tano na kiti.

Lakini kabla ya kulipa franka moja, nilimpa maswali ya kwenda nayo chuoni, akayaulize kwa heshima na kuandika majibu. Hadubini ngapi zinafanya kazi leo, si zilizo kwenye orodha? Wanafunzi wangapi kwa moja? Sitaji ni wiki ngapi kwa kila meza, hematolojia, parasitolojia, biokemia, bakteriolojia, benki ya damu, na nani anasimamia? Umeme ukikatika, frigo ya reaktifu inakwenda kwa nini? Na la mwisho, ambalo wengi huona haya kuliuliza: wanafunzi wanachanjwa homa ya ini B kabla ya sitaji, dozi zote tatu, mwezi 0, wa 1 na wa 6? Sindano itakuchoma siku moja. Imenichoma mara mbili.

Alikwenda Jumanne, siseme chuo gani. Amerudi jioni na daftari. Hadubini kumi na nne kwenye orodha, tisa zinawaka, mojawapo lenzi yake ya 100 imepasuka. Kuhusu chanjo walicheka kidogo, kisha bwana mmoja mzee wa labo akamwambia arudi Alhamisi, atamwonyesha mahali pa kuipata. Ameniomba hadubini yangu ya zamani, ile ya kioo cha jua, aanze kulima kabla masomo hayajafunguliwa. Nimempa, na slaidi ishirini, zote hasi isipokuwa mbili. Sikumwambia ni zipi.